Mjomba Alipokuja na Watu Watano

Wiki iliyopita tulisoma hitima ya mjomba wangu pale Mtanda, Lindi mjini. Kijana mmoja wa ukoo, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, alisoma wasifu wa marehemu: mwanasheria, mwanadiplomasia, mtumishi wa nchi na wa dunia, mtu aliyetumia umri wake wote kupigana na njaa. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Wakati huohuo upepo ulileta harufu kutoka uani kwa jirani, harufu ya muhogo uliolowekwa mpaka ukachacha, nami nikainuka nikatoka nje. Waliniona nikishika ukuta wakasema, mwacheni, uchungu umemzidi. Ni kweli ulikuwa uchungu, lakini si ule waliodhani.

Mjomba Nassoro alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, mtoto wa kwanza wa Bibi. Babu yangu alikuwa mkulima wa korosho upande wa Kilangala, mtu aliyejua kusoma Kurani tu, lakini alimpeleka mwanawe shule na hakumrudisha shamba hata mwaka ule korosho zilipooza mitini. Mjomba alisoma Lindi, akasoma mbali zaidi, akavuka bahari, akarudi mwanasheria wakati ambapo serikali ilikuwa inawatafuta wasomi wake yenyewe kwa taa. Alianza kuisemea serikali mahakamani. Kisha wakaona ana ulimi mzuri na subira, wakampeleka mambo ya nje, na huko akapangiwa kazi ya kukaa kwenye mikutano ya Ulaya ambako mataifa hubishana juu ya chakula: nani anacho cha ziada, nani hana, meli ya nafaka iende wapi na kwa masharti gani. Bibi hakuwa na maneno ya kueleza kazi ya namna hiyo. Akiulizwa, alijibu kwa kifupi, "Mwanangu ni balozi. Anapigana na njaa."

Sasa mimi, wakati huo nina kama miaka minane, balozi niliyemjua alikuwa mmoja tu. Alikuwa Mzee Chilumba, balozi wetu wa nyumba kumi. Alitembea na daftari kwapani, penseli ameifunga kwa uzi ili isipotee, na asubuhi alipita mlango kwa mlango kuandika nani amekwenda shamba la kijiji na nani amebaki. Kwa hiyo sikuwa na shida ya kuielewa kazi ya mjomba. Naye alikuwa na nyumba zake kumi huko Ulaya, na daftari lake, na anaandika majina.

Tulikuwa watatu nyumbani. Mama alifariki akimzaa mdogo wangu Issa, na baba alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, habari zake zikakatika. Bibi ndiye aliyetulea. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, tulihamishwa kutoka kwetu kwa zamani kupelekwa kijiji kipya cha ujamaa. Lori lilikuja, tukaambiwa tupakie. Bibi aliubandua mlango wa nyumba yake akaubeba kichwani, akakataa kuuweka kwenye lori mpaka alipohakikishiwa kwamba naye atapanda pamoja nao. Muhogo tuliuacha ardhini. Tuliambiwa tutarudi kuuchimba, lakini kutoka kijiji kipya hadi kule mahameni ilikuwa nusu siku kwa miguu, na tulipokwenda tulikuta nguruwe pori wameshamaliza. Walikuwa wamefukua hadi chini ya kizingiti.

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku chache ikakata. Mahindi yalitoka urefu wa goti yakasimama, kisha yakawa njano, kisha yakawa kitu cha kuwashia moto. Watu wakaingia porini. Mwanzoni tulipata ming'oko, viazi vya porini visivyo na sumu, na sisi watoto tulifurahi, maana ming'oko ni mitamu. Ilipokwisha ya karibu, Bibi akaanza kuchimba ndiga. Wenzangu wa rika langu wa huko kwetu hawahitaji kuelezwa ndiga ni nini, lakini wajukuu zetu hawajui. Ni kiazi cha porini chenye sumu. Unakimenya mikono ikiwasha, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye kikapu na kukizamisha kijitoni maji yapite juu yake siku baada ya siku, vikinuka kama muhogo uliochacha, kisha unaanika, unatwanga. Ukiharakisha, kinakuua. Bibi alizihesabu siku hizo kwa vijiti alivyochomeka kwenye makuti ya paa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa.

Katika hali hiyo uliitishwa mkutano wa kijiji. Katibu alikuwa kijana wa kutoka mbali, shati lake safi, na nadhani sasa kwamba naye alikuwa anaogopa waliomtuma. Alisema, "Kuna maneno yanapita eti kijiji hiki kina njaa. Kijiji hiki hakina njaa. Kina wavivu. Na wavivu sheria inawajua." Akatusomea sheria ndogo: kila kaya iwe na ekari zake za muhogo, asiyekuwa nazo atachukuliwa hatua. Siku mbili baadaye jirani yetu, Mzee Bakari, alikwenda ofisini kuomba debe la mahindi kwa ajili ya wanawe. Waliuliza ekari zake ziko wapi. Hakuwa nazo, nani alikuwa nazo? Akachukuliwa na mgambo, akakaa ndani wiki nzima.

Niliyaunganisha mambo hayo kwa akili ya mtoto. Kuwa na njaa ni kosa. Kusema una njaa ni kukiri. Na mjomba wangu ni mwanasheria, tena balozi, na kazi yake ni kupigana na njaa.

Basi ikaja habari kwamba mjomba anakuja.

Alikuwa amerudi nchini kwa muda mfupi, na wakubwa walitaka aende mikoani aone, ili akirudi kwenye mikutano aeleze jinsi vijiji vipya vinavyojitosheleza. Akaomba aletwe na kwetu. Asubuhi ya siku ile katibu alifika kwa Bibi na jogoo mmoja na kibaba cha mchele. Sijui alivitoa wapi. "Mpikie mwanao, mama," alisema. "Mgeni asione aibu." Bibi alivipokea vile vitu, akaniambia nikakusanye kuni. Tulipobaki peke yetu alisema, "Somoe, kikapu kikae kijitoni. Na wewe huna habari ya ndiga. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Sikuuliza sababu. Niliijua.

Gari la Landrova lilifika kabla ya adhuhuri. Mjomba alishuka wa mwisho, baada ya watu watano: katibu, mwenyekiti, bwana mkubwa mmoja kutoka wilayani, karani wake, na dereva. Alikuwa mwembamba kuliko picha yake, na miwani yake ilikuwa na vumbi. Alimpigia magoti Bibi mbele ya wote wale, akasema, "Shikamoo, mama," na Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Marahaba, baba, marahaba," mara nyingi, mpaka bwana mkubwa akakohoa.

Wali ukaliwa. Sisi watoto tulipewa sahani yetu. Issa alikuwa na miaka minne, na sikumbuki kama alishawahi kula kuku kabla ya siku ile. Alikula shingo na miguu, akatafuna mifupa mpaka ikawa unga, kisha akailamba mikono yangu pia. Bwana mkubwa alieleza habari za shamba la kijiji na ghala linalojengwa. Mjomba aliuliza maswali kwa sauti ya chini na kila swali lilijibiwa na mtu asiyeulizwa.

Baada ya chakula alikuja uani kunawa. Nikamshikia kata.

"Wewe ndiye Somoe," akasema. "Umefanana na mama yako."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo tumekula wali, tumeshukuru. Jana mlikula nini?"

"Ugali, mjomba. Kwa samaki."

"Samaki gani?"

Sikuwa nimeona samaki kwa miezi. "Changu," nikasema.

"Na juzi?"

"Wali."

"Wali na nini?"

"Na kuku."

Alinitazama. Nywele zangu wakati ule zilikuwa zimegeuka rangi, nyepesi na nyekundu kama nyuzi za mhindi, na mimi nilidhani ni uzuri. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, na vidole vyake vikakutana vikapitana. Kisha akatoa kijitabu mfukoni.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Unaniandika, mjomba?"

"Naandika nisisahau."

"Nimesema kweli, wallahi. Tunakula kila siku. Tunashiba."

Alikuwa anataka kusema neno. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini katibu alichungulia uani akasema, "Mheshimiwa, jua linakwenda, na tunatazamiwa kijiji kinachofuata," na mjomba akafunga kijitabu. Alinipa pipi mbili, moja yangu na moja ya Issa. Gari likaondoka. Nilisimama barabarani nikiona fahari, kwa sababu nilikuwa nimetuokoa.

Siku zilizofuata Issa aliuliza swali moja tu: "Mjomba anarudi lini?" Hakumaanisha mjomba. Alimaanisha kuku. Tumbo lake lilikuwa limekumbushwa chakula, na tangu hapo uji wa maji haukumnyamazisha tena.

Siku ya nne Bibi alikwenda shamba la kijiji. Alikuwa amekitoa kikapu kijitoni na kuzitandaza ndiga juani kwenye jamvi ili zishike hewa kidogo kabla ya kuzirudisha majini. Vijiti viwili vilikuwa bado juu ya paa, maana yake siku mbili zaidi za maji. Aliniachia Issa. Nikaenda kisimani, kwa sababu mtungi ulikuwa mtupu, na foleni ilikuwa ndefu, na nilikaa kuwasikiliza wasichana wakubwa wakitaniana. Sikukaa sana. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote, kwamba sikukaa sana.

Niliporudi Issa alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele. "Dada," akasema, "mdomo unawasha." Kwenye jamvi kulikuwa na nafasi tupu mahali alipochukua.

Nilipiga kelele. Aliyesikia kwanza alikuwa Mzee Chilumba, aliyekuwa anapita na daftari lake. Alilitupa. Alimchukua Issa begani akakimbia njia ya zahanati, mzee yule aliyekuwa mwenyewe hajala, nami nikamfuata mpaka nikashindwa. Nikakaa chini njiani. Baada ya muda nikamwona anarudi. Hakuwa anakimbia tena. Alikuwa bado amembeba vilevile begani, mkono mmoja ukimshika kisogo, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala na hataki aamke.

Tulimzika alasiri. Mzee Chilumba, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, alitembea hadi barabara kuu, akadandia lori hadi Lindi, akampigia mjomba simu ya maandishi Dar es Salaam. Ilimkuta bado hajapanda ndege.

Mjomba alifika siku ya tatu ya msiba. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi, suruali imejaa vumbi hadi magotini, na watu walipomwona walipisha njia. Alikaa jamvini mbele ya Bibi. 

"Mama," akasema, "mlikuwa mnakula ndiga?"

"Tulikuwa tunakula ndiga."

"Mbona hukuniambia?"

Bibi hakupandisha sauti. "Ulikuja na watu watano, Nassoro. Ningekuambia mbele ya nani?"

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilitoka nyuma ya ukuta nikasema ni mimi. Ni mimi niliyesema uongo, nilisema tunakula samaki, nilisema wali, kwa sababu sikutaka atukamate. Nililia mpaka maneno yakawa hayaeleweki, na ilibidi anivute karibu anisikilize upya.

"Nikukamate kwa nini, Somoe?"

"Kwa njaa. Wewe ni balozi wa sheria ya njaa. Mzee Bakari alisema ana njaa akafungwa."

Alivua miwani. Alijaribu kuifuta kwa shati, akashindwa, akaiweka chini. "Nilijua," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia Bibi. "Mama, niliona nywele za mtoto. Niliushika mkono wake. Nimekwenda nchi nyingi, hiyo ndiyo kazi yangu, kuona mambo hayo. Nilijua, nikasema nitauliza vizuri nikifika Dar es Salaam, kwa barua, kwa taratibu zake. Niliona haya kumuumbua mwenyeji wangu."

"Na mwenyeji wako ni nani?" Bibi akauliza.

 Mjomba akaomba meza. Hatukuwa na meza, akaugeuza mtungi akaweka juu yake ule mlango wa Bibi, uliokuwa bado haujapata nyumba ya kuufungia. Akatoa karatasi akaanza kuandika. Aliandika mchana ule wote. Aliandika Kiswahili kwanza, na kila akimaliza kipande alimsomea Bibi, na Bibi, ambaye hakujua herufi hata moja, alimsahihisha.

"Wananchi wa eneo hili," mjomba alisoma, "wanakabiliwa na upungufu wa chakula."

"Upungufu ni nini?"

"Ni chakula kutotosha, mama."

"Chakula hakikukosa kutosha. Hakikuwepo. Andika njaa."

"Kwenye maandishi ya serikali hatuandiki hivyo."

"Basi na yule kule," Bibi alinyoosha mkono upande wa makaburi, "mwandikie alikufa kwa upungufu."

Mjomba akafuta, akaandika njaa. Aliandika habari za Mzee Bakari. Aliandika habari za lori, na muhogo ulioachwa ardhini, na nguruwe. Mzee Chilumba aliitwa, akaulizwa kama yuko tayari jina lake litajwe. Alifikiri, akasema, "Mimi nimewaandika watu miaka yote hii. Niandike na mimi."

Sikujua wakati ule mwandiko wa mtu unaweza kumgharimu nini. Nilijua baadaye. Karatasi zile alizipeleka kwa wakubwa wake, na alipoona zimekaliwa, akazisoma yeye mwenyewe huko Ulaya, mbele ya mataifa, wakati hotuba aliyotumwa kuisoma ilikuwa nyingine. Kabla ya mwezi kwisha malori yalifika kijijini kwetu na vijiji vya jirani, yamebeba magunia ya unga wa njano kutoka nchi za nje, tuliouita yanga. Watu waliulalamikia ladha yake na wakaishi. Katibu alihamishwa. Mzee Bakari akapewa debe lake. Na mjomba aliitwa nyumbani. Hawakumfunga wala hawakumtukana. Walimpa ofisi yenye meza isiyo na faili, wakamwacha aitazame.

Aliivumilia, kisha akaomba likizo, akaja kwetu, na likizo ikawa masika yote. Alilima na sisi. Alikuwa mkulima mbaya ajabu. Akipalilia alikata miche ya muhogo akaacha majani, na siku moja Bibi aliona alivyoufanya mstari mzima akakaa chini akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mwanasheria," alisema, "hata magugu umeyaachia huru!"

Mwisho wa masika ilikuja barua. Shirika kubwa la chakula la kimataifa lilikuwa limesikia karatasi zile zikisomwa, na lilimtaka akafanye kazi kwao. Alimpelekea Bibi barua kama mtoto anayeomba ruhusa. Bibi alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua.

"Nenda," alisema. "Ila ukifika kwa watu usikae sebuleni. Sebuleni watu huvaa. Ingia jikoni ufunue chungu mwenyewe."

Akaenda, na huko alikaa hadi uzee wake. Yaliyosomwa kwenye wasifu ni kweli: aliandika mikataba, alisimama kati ya majeshi yanayopigana akibishania njia ya malori ya nafaka, alizungumza na marais. Ambayo hayakusomwa niliyasikia kwa watu waliofanya kazi naye. Walilalamika kwamba mzee huyu huwaacha wenyeji wake kwenye gari, huenda kwa miguu nyuma ya nyumba, hufunua vyungu vya watu. Na jambo moja hawakulielewa: aliongea na wanawake, aliongea na wazee, lakini hakuwahi kumuuliza mtoto amekula nini.

Nilimuuliza sababu, miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe tayari mama wa watoto watatu. Tulikuwa tumekaa barazani kwake pale Mtanda.

"Mtoto si shahidi," alisema. "Njaa ni kesi ya watu wazima. Ukimuuliza mtoto umemtwika." Akageuka akanitazama. "Nilipaswa kulijua hilo kabla ya kukuuliza wewe."

Nilimwambia asante, mjomba. Nikaingia ndani kama ninayekwenda kutazama chai, nikalia peke yangu kimyakimya. Alikuwa amenifutia kosa kwa upande wake, na nilimwamini. Upande wa Issa, niliyemwacha peke yake nikakaa kisimani, haukuwa na wa kuusemea.